Chuo Kilichofika Mbinga kwa Basi

Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu vya umma, cha Dar es Salaam na cha Sokoine kule Morogoro. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Mbinga, nina mume na watoto wadogo. Kwa mwanamke wa hali yangu, chuo kikuu kilikuwa kitu cha kusikia redioni. Kwenda kukaa bweni miaka mitatu, nimwachie nani nyumba?

Aliyenisukuma ni mwalimu mkuu wetu, na alikuwa na sababu zake. Yeye alikuwa mwalimu wa UPE. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Serikali ilipoamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku tayari wamekabidhiwa madarasa. Wengi walidharauliwa maisha yao yote. Yeye alinifundisha kazi kuliko mtu yeyote mwenye cheti kikubwa. Siku moja mishahara ilipotoka akaniambia, "Mama Neema, ukisubiri likizo ya masomo utastaafu unasubiri. Huria wameanza kupokea watu. Jaza fomu."

Nilijaza, nikachagua ualimu, na masomo ya Historia na Kiswahili. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Chuo chenyewe, kwa maana ya majengo na ofisi kuu, kilikuwa Kinondoni, Dar es Salaam, mahali ambapo sikupaona mpaka nilipokuwa nakaribia kumaliza. Kwangu chuo kilikuwa kituo cha mkoa pale Songea, na boksi la vitabu nililopakia kwenye basi. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilikuwa kimetutangulia kutoa shahada ya ualimu kwa masafa. Kwa hiyo nilisoma mifano ya Nyeri na Kisumu nikiwa Umatengoni, na sikuona ubaya wowote.

Usiku ndio uliokuwa darasa. Watoto wakishalala nawasha chemli, kamusi ya Kiingereza mkono wa kushoto, daftari mkono wa kulia. Msimu wa kahawa ulipofika hata usiku huo haukuwa wangu, maana kahawa ikishachumwa haimsubiri mtu amalize sura. Siku hizi nasikia watu wakisifu chemli kana kwamba ndiyo iliyotupa akili. Mimi siisifu. Iliniumiza macho na ilikula mafuta ya taa ambayo yangetosha nyumba nzima.

Ninachokisifu ni maandishi ya wasahihishaji. Kazi yangu ilikwenda Songea kwa posta, au mikononi mwa dereva tuliyemwamini, na ilichukua muda mrefu kurudi. Iliporudi ilikuwa na wino mwekundu pembeni. Nakumbuka insha moja kuhusu biashara ya misafara. Nilikuwa nimeandika kwa uhakika mkubwa kwamba watu wa bara walidanganywa tu na wafanyabiashara wa pwani, basi. Msahihishaji, ambaye sijawahi kumwona hadi leo, aliuliza pembeni: nani alinufaika huku bara, na unajuaje? Niliisoma ile sentensi nikipika, nikaisoma nikitembea kwenda shuleni. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kwa hiyo swali lilikaa nami mpaka likanilazimisha kurudi vitabuni. Naamini nilizaliwa upya kama mwalimu wa Historia kwa sababu ya swali hilo.

Na kulikuwa na vipindi vya ana kwa ana. Tulikusanyika Songea kutoka pande zote za mkoa: askari magereza, muuguzi, karani wa halmashauri, mtawa kutoka Peramiho, na walimu wengi. Tulilala kwa ndugu au katika nyumba za wageni za bei ndogo, wawili wawili. Mwaka tuliposoma vita ya Majimaji, tulitoka pamoja kwa miguu hadi Mahenge, hapohapo mjini Songea, kwenye kaburi la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwezi Februari 1906. Mmoja wetu alisema babu yake alikataa kabisa kulizungumzia jambo lile. Tulisimama pale tukabishana kama imani ya maji ndiyo iliyoanzisha vita au kodi na mashamba ya pamba, na Wangoni waliingiaje wakati pamba ililimwa kwa wengine. Hakuna kitabu kilichonipa kile nilichopata katika ubishi ule.

Wengi wa kundi lile hawakumaliza. Mmoja alihamishiwa wilaya ya mbali, mwingine alikosa ada, mwingine alifiwa na mume. Sikumbuki hata mmoja aliyeshindwa kwa kukosa akili. Mimi nilimaliza kwa sababu mama mkwe alihamia kwangu kila wakati wa mitihani, na ningependa hilo lijulikane.

Niliporudi na shahada, baadhi ya wenzangu waliiita digrii ya posta. Maneno hayo yalikoma bila mtu kuyajibu. Kuanzia mwaka 2004 ulipoanza mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule za kata zilichipuka kila mahali, na wakuu wa shule wakaanza kututafuta. Nilihamia sekondari. Katika chumba cha walimu hakuna tena aliyeuliza ulisomea wapi. Waliuliza unaweza kuchukua vipindi vingapi.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja yakifuatana. Mkongo wa intaneti wa baharini ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, ingawa kwetu kwa miaka kadhaa bado ilikuwa lazima uende mjini, stesheneri, ulipe kuchapisha kurasa. Barabara ya Mbinga ikawekwa lami. Mwaka 2018 umeme wa gridi ya taifa ukafika mkoani. Baada ya Sensa ya 2022, walimu wakapewa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Leo mwalimu mwenzangu kijana anasoma Huria, na kazi yake hupeleka kwa simu akiwa amekaa jikoni. Muuguzi wa zahanati yetu husoma zamu ya usiku, kukiwa hakuna mjamzito anayeugua uchungu. Nawaonea fahari kubwa wote wawili.

Lakini simu inayowaletea somo ndiyo inayowaletea michango ya harusi, misiba na vikundi vya kila aina. Vitini viko vingi mno na bando linakwisha. Zaidi ya yote, yule mwalimu kijana aliniambia kwamba alikuwa mwaka wa pili na hakuwa amewahi kumsikia mwanafunzi mwenzake akitetea hoja kwa sauti. Hapo nilishtuka. Umbali ule wa zamani ulitulazimisha kusafiri, na safari ndiyo iliyotukutanisha. Ukishaondolewa, mkutano huo inabidi kuutengeneza kwa makusudi.

Kwa hiyo tangu mwaka jana tunakutana Jumamosi katika darasa la kidato cha pili. Wako walimu, muuguzi, karani wa kijiji, na kijana wa duka la pembejeo anayejiandaa kujiunga. Mwenye bando anawagawia wengine. Kila mmoja anasoma swali lake kwa sauti na kulijibu kwa kusimama, na wengine wana ruhusa ya kumkatalia. Wiki iliyopita wale wa Historia walifikia Majimaji. Muuguzi, ambaye somo lake si hilo hata kidogo, alitaka kujua kwa nini vitabu vinataja wanaume tu, ilhali wakati wa njaa iliyofuata vita lazima kuna waliozika watoto na kulima upya. Tumemkabidhi swali hilo alitafutie majibu, na mimi nimeahidi kumtafutia vitabu Songea.