Shing'weng'we Katika Televisheni

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika gazeti letu wenzangu wamekwisha kuandika sana juu ya kandanda, juu ya safari za Mwanza, na juu ya kilimo cha mpunga. Sitaki kuwachosha wasomaji kwa kuongeza mengine ya namna hiyo. Nataka kueleza mchezo mmoja ambao nadhani haujapata kuandikwa humu, nao ni mchezo wa kuwinda dinosaria katika televisheni. Najua baadhi ya wazazi watakunja uso. Nawaomba wasifunue ukurasa mwingine kwanza.

Mjomba wangu ana karasha hapa Kharumwa, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mwaka jana mawe yalipotoa vizuri alikwenda Mwanza, akarudi na PlayStation 4 iliyokwisha tumika, pamoja na padi mbili za kuchezea, moja ikiwa imefungwa kwa utepe mweusi. Aliinunua kwa ajili ya kandanda, kama wafanyavyo watu wote. Lakini mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha michezo mingine ndani ya mashine, na mmojawapo ni huu uitwao Turok: Dinosaur Hunter. Mjomba aliutazama mara moja tu, akasema hauna timu. Basi ukawa wangu.

Mchezo huu si mpya. Ulitengenezwa Marekani na kampuni ya Iguana Entertainment, ukatolewa mwaka 1997 kwa mashine ya Nintendo 64. Turok mwenyewe, ambaye ni mwindaji wa makabila ya asili ya Amerika, ni mzee zaidi, kwani alianza kuonekana katika vitabu vya hadithi za picha mwaka 1954, wakati nchi yetu ilikuwa bado haijapata Uhuru. Mwaka 2015 kampuni nyingine, Nightdive Studios, iliusafisha mchezo ukang'aa upya, na mwaka 2021 ukafika kwenye PlayStation 4. Ndivyo ulivyopata kufika nyumbani kwa Mjomba.

Sasa sikilizeni unavyochezwa. Humwoni Turok. Macho yake ndiyo macho yako. Kilichopo mbele yako ni mkono wake tu ulioshika kisu, au upinde, au bunduki, na ukisukuma kijiti cha padi kwa kidole gumba dunia nzima hugeuka. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma kama mtu aliyepanda basi kwa mara ya kwanza. Kazi uliyopewa ni kutafuta vipande 8 vya fimbo iliyovunjwa zamani, navyo vimefichwa katika nchi 8, na nchi hizo hufunguliwa kwa funguo ambazo nazo sharti uzitafute. Yuko adui mmoja aitwaye Campaigner, ambaye aitaka fimbo hiyo apate kuzibomoa kuta zitenganishazo zama na zama. Kwa ajili hiyo zama zote zimechanganyika humo: watu wenye mishale, askari wenye bunduki, na dinosaria.

Mtu asiyecheza atadhani taabu kubwa ni dinosaria. Hasha! Taabu kubwa ni nguzo. Kuna mahali ambapo njia imekatika, na mbele yako pamesimama nguzo za mawe juu ya shimo lisilo na mwisho, nawe sharti uruke kutoka hii mpaka ile. Kumbuka kuwa huioni miguu yako. Waruka kwa kukadiria tu. Nimekufa kwa kuanguka mara nyingi kuliko nilivyokufa kwa meno ya mnyama yeyote, na mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 8, ameshika hesabu ya vifo hivyo kwa mkaa ukutani nyuma ya nyumba.

Hata hivyo woga ni wa dinosaria, na woga huo una habari yake. Mashine ya 1997 haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya mbali. Basi watengenezaji wakaufunika upungufu huo kwa ukungu. Waona miti michache, kisha weupe. Katika weupe huo wasikia mlio mkali, na kabla hujajua umetoka upande gani, mnyama amekwisha kuruka. Wale wa 2015 waliusogeza ukungu nyuma kiasi, lakini hawakuuondoa woga. Sisi tunaokwenda shule alfajiri kupitia majaruba ya mpunga wakati wa masika twalijua jambo hili: fisi unayemwona hakutishi kama kitu unachokisikia tu.

Mjomba alituwekea sheria. Saa moja kwa siku, baada ya kazi za nyumbani na masomo, na hapo ndipo ziwepo uniti za umeme. Jioni nyingine Mjomba mwenyewe husimama mlangoni na vumbi la karasha kichwani, akasema, "Mpwa wangu, huyo mjusi anakula uniti zangu."

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku moja ya likizo ya Juni, Bibi alikuwa ameketi mkekani nyuma yangu akichambua choroko. Bibi ni mama yake Mjomba. Haoni raha na televisheni, husema watu wake wana haraka. Siku hiyo aliinua macho nami nilikuwa nikipigana na wale dinosaria wepesi waendao kwa miguu miwili, waitwao raptori. Akaniuliza kwa Kisukuma, "Mjukuu wangu, huyo ndiye Shing'weng'we?"

Kwa wasomaji ambao si Wasukuma yafaa nieleze. Shing'weng'we ni jitu la hadithi zetu, lililomeza watu wote wa kijiji pamoja na ng'ombe wao. Alisalimika mama mmoja mja mzito aliyejificha, akazaa mwana, ndiye Masala Kulangwa. Kijana alipokua akawa akiua wanyama mmoja baada ya mwingine, akiwaleta kwa mama yake, na kila mara akiuliza kama huyu ndiye Shing'weng'we. Na kila mara mama akamwambia siye. Mwisho alilipata jitu lenyewe akaliua. Alipolipasua tumbo wakatoka wote wakiwa hai: baba yake, majirani, na ng'ombe. Katika kupasua huko kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye alitoka kwa ugomvi mkubwa. Bibi yangu hupenda sana kulisimulia jambo hilo la sikio, na kila mara hulishika lake.

Nikamjibu, "La, Bibi. Ni dinosaria."

"Amemeza watu wangapi?"

"Hajameza mtu."

"Basi kwa nini wamwua?"

"Nisipomwua ataniua mimi."

"Hilo ni jibu," akasema Bibi. "Na akifa, hutoka nini?"

Niliwaza kidogo, maana ni kweli kwamba katika mchezo huu wanyama na askari wakifa mara nyingi huacha kitu chini. Nikasema, "Hutoka risasi, Bibi. Au dawa kidogo ya kuongeza nguvu."

"Risasi za kufanyia nini?"

"Za kumpigia mwingine."

Bibi hakusema neno. Aliendelea kuchambua choroko, nami nikaendelea kucheza, lakini nilicheza vibaya.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Jiografia, nikamwuliza kama wanyama hao waliwahi kuishi katika nchi yetu au ni wa Wamarekani tu. Mwalimu alicheka, akaniambia nikae. Nilikosa chakula cha mchana siku ile, wala sikujuta.

Alianza na raptori. Alisema yule mdogo aitwaye Velociraptor, ambaye mifupa yake ilipatikana Mongolia, kwa kweli hakuzidi sana bata mzinga, tena alikuwa na manyoya ya ndege. Nilihuzunika kidogo kusikia kwamba nimekuwa nikimkimbia bata mzinga. Tena kuna Tyrannosaurus, ambaye katika mchezo huu yuko karibu na mwisho, ametiwa mitambo kichwani na hutema moto. Huyu aliishi Amerika ya Kaskazini baina ya miaka milioni 68 na milioni 66 iliyopita. Na mwanadamu hakupata kuonana na yeyote kati yao. Dinosaria wa pekee tunaokaa nao ni ndege, hata kuku wa hapa shuleni.

Kisha akaniambia habari za Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini huko. Mwaka 1907 akaja mtaalamu, Eberhard Fraas, kuitazama. Kutoka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilituma wachimbaji wake, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini waliochimba hasa walikuwa watu wa nchi ile, ambao walikuwa wametoka tu katika Vita vya Maji Maji na njaa yake. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Katika miaka ya kazi kubwa walikuwa kati ya 400 na 500. Waliifunga mifupa kwa mianzi na udongo, wakaichukua kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, wengine kwa vichwa na mabega, mizigo mizito kwa watu wengi pamoja. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani hivyo.

Mmoja wao ni mjusi yule ambaye habari zake zimeulizwa hata Bungeni. Jina lake la kitaalamu sasa ni Giraffatitan brancai. Aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, alikula majani tu, na kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Leo kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Twiga wawili wakipandana juu hawamfikii. Katika mchezo wangu sikukutana naye. Nadhani sababu ni kwamba hafai kupigwa risasi: hatoki katika ukungu, wala hamrukii mtu.

Wako na wengine, tena wenye majina yetu. Katika bonde la Rukwa, karibu na Songwe, amepatikana mmoja ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia. Lisomeni tena polepole! Mtuka ni mto alikopatikana, na mifupa ya mkia wake ina umbo kama la moyo. Yuko na Shingopana, aliyepewa jina mwaka 2017. Mwalimu alipoyaandika majina hayo ubaoni, wenzangu waliokuwa wakirudi kutoka kula walidhani ni somo la Kiswahili.

Nilimwuliza kama nasi huku Kharumwa tungechimba tungepata. Mwalimu akasema hapana. Miamba yetu yenye dhahabu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ilipofanyika hapakuwa na mnyama duniani, hata konokono. Jibu hilo nililipeleka nyumbani kwa Mjomba, ambaye katika maisha yake amekwisha kushuka maduara ya mita 40, na siku zote alikuwa akitumaini kukuta ajabu fulani chini. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mawe ninayoyasaga ni mababu wa dinosaria." Si hivyo hasa, lakini sikumsahihisha, maana alionekana kufurahi, na tangu siku ile huwaambia hivyo wateja wake.

Bibi nilimsimulia jioni, naye alitaka kujua habari ya wachukuzi kuliko ya mjusi. Aliuliza kama walilipwa. Nikasema walilipwa ujira mdogo. Aliuliza kama wanawake walikuwapo. Nikasema mwalimu alinionyesha picha katika simu, na wanawake walikuwamo kambini pamoja na watoto. Akauliza kama majina yao yako huko Berlin, pale aliposimamishwa yule mnyama.

"La Boheti bin Amrani limeandikwa katika vitabu," nikasema. "Na ya wengine wachache. Walio wengi hawakuandikwa."

Bibi akalirudia jina lile mara mbili, apate kulishika: Boheti bin Amrani. Kisha akasema, "Basi wale wengine wangali tumboni."

Mimi nimekwisha pata vipande 6 vya ile fimbo. Jioni hiyo uniti zilikuwapo, lakini mdogo wangu alitaka kandanda, nasi tukacheza kandanda.