Kanisa la Zamu: Kutoka Kolandoto hadi Machimbo ya Geita

Wazee wa Usukumani wanaokumbuka kanisa la kabla ya Uhuru wanakumbuka zaidi misheni kuliko kanisa. Africa Inland Mission walichukua kituo cha Nassa mwaka 1909, kisha wakajenga hospitali Kolandoto. Wakatoliki walihudumiwa na Maryknoll, na mwaka 1956 eneo lao likapata jina la Jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Edward McGurkin. Kote huko huduma ilikuwa na mwenyewe: daktari, mwalimu, katekista, mpishi wa misheni. Muumini alikwenda kupokea. Ukomavu wake ulipimwa darasani, kwa maswali ya katekisimu upande mmoja na kwa mistari ya Biblia upande wa pili, pamoja na kuacha pombe na ngoma. Siudharau utaratibu huo, maana ndio uliotuachia wasomaji na wauguzi. Lakini Msukuma yuleyule, akirudi nyumbani, alikuwa na chuo kingine cha utu uzima. Vijana walilima kwa zamu mashamba ya wenzao chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na aliyetega alilipa faini. Utu uzima wa kijana ulionekana katika jembe aliloshika kwenye shamba lisilo lake. Kwa kuwa kazi hiyo iliambatana na ngoma na dawa za vyama vya wachezaji vya Bagalu na Bagika, wamisionari wengi waliiona upagani mtupu, wakaiacha nje ya mlango.

Mlango ulianza kufunguka upande wa Wakatoliki pale maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Nyumba chache za majirani hukutana kwa mzunguko, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Injili husomwa, kisha inafuata sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini: nani atakwenda kwa mgonjwa, nani atachota maji ya msiba, nani atasimamia watoto wa mafundisho. Hapa zamu ilirudi, safari hii ndani ya kanisa. Nadhani mpango huu unakaribia zaidi mawazo ya Paulo katika sura ya nne ya Waraka kwa Waefeso kuliko darasa la misheni, kwa sababu pale watakatifu wanaandaliwa kwa kazi ya huduma, na utu uzima unafuata, tena wa wote kwa pamoja. Sisi tulizoea kuugeuza mpangilio huo: komaa kwanza, halafu utapewa kazi. Wapo wanaosema mtu asiyeiva akikabidhiwa kazi ataiharibu. Ni kweli, huiharibu. Ila kazi za jumuiya ni ndogo na zinafanyika machoni pa majirani. Mweka hazina aliyechelewesha rambirambi ataulizwa kwenye mkutano wa Jumamosi hiyohiyo, na kuulizwa huko kunamfunza jambo ambalo mahubiri ya mwaka mzima hayalifikii. Katekista bado anahitajika, kwani bidii isiyo na mafundisho hupotea njia. Hoja yangu ni kwamba mafundisho peke yake hayakutosha.

Dhahabu ndiyo iliyoupima mpango huu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na pembeni ya migodi hiyo wachimbaji wadogo wakazidi kumiminika Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Mchimbaji anahama na habari ya mwamba mpya. Utakomaaje pamoja na mtu atakayeondoka kesho? Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau kwamba anayehama ndiye asiye na ukoo wa kumzika. Duara, yaani shimo la uchimbaji, likimfukia, wanaojua jina la kijiji chake ni wale aliosali nao. Aliyekwisha kuzoea kushika zamu Kahama ataifuata zamu Geita.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani kwamba viungo vyao huvuta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana wa wilaya ya Bukombe. Wakati huo jumuiya zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Kama huduma inakomaza, ilikuwa wapi? Sioni jibu la kuliondoa swali hili. Ninachoona ni kwamba huduma yetu iliishia kwa wagonjwa wetu na misiba yetu, na hofu haikuwa na zamu. Aliyekwenda kwa mganga usiku alijulikana, na hakuna aliyelitaja jambo hilo kwenye sala. Baadaye kituo cha Buhangija, Shinyanga, kilipojaa watoto wenye ualbino, vikundi vya makanisa vilipeleka sabuni na unga. Vema, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Nzito ni kumhakikishia mtoto wa jirani usalama wa njia ya shule, ili asihitaji kupelekwa kuishi nyuma ya ukuta.

Kuhusu lawama kwamba jumuiya zimegeuka vituo vya michango, sina utetezi mrefu. Mahali ambapo daftari la michango linasomwa kwa muda mrefu kuliko Injili, walalamikaji wana haki. Machimboni hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mwenye duara lililotoa anaweza kununua mabati ya kigango kizima kwa siku moja na kupewa kiti cha mbele kabla hajamtembelea mgonjwa hata mmoja. Mabati yapokelewe. Jina lake liandikwe pia kwenye zamu ya kuosha masufuria ya msiba, baina ya mama lishe na kijana wa karasha la kusaga mawe, na siku yake ikifika asitume mtu wa kumwakilisha.