Alama Moja Katika Kipande

Sisi wa Nkwenda twajua ya kuwa vilima vya Kyerwa vina bati. Lilianza kuchimbwa huku Karagwe katika miaka ya 1920, na hata leo wachimbaji wadogo wanalitafuta. Mbale yake ni nzito yapata mara saba kuliko maji. Ndiyo maana huoshwa katika karai, mchanga ukachukuliwa na maji, nayo ikabaki chini.

Habari za shimo wengi wamezisimulia. Mimi nataka kunena habari za ofisi, kwa sababu marehemu babu yangu alikuwa karani katika machimbo ya siku zile. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza, mizani, daftari na wino. Alfajiri aliita majina. Jioni alipima bati, akatia alama katika vipande. Maana desturi ya kazi wakati wa Waingereza ilikuwa hii: mtu alipewa kipande cha siku 30, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, mshahara haukutolewa mpaka alama zote 30 zitimie.

Hata siku moja akaja mtu mmoja, mgeni aliyevuka mto Kagera kutafuta fedha ya kodi. Hakujua kusoma. Kipande chake kilikuwa na alama 29, naye akatoa kamba yenye mafundo 30, fundo moja kwa kila siku. Msimamizi akacheka, akasema, "Kamba si karatasi." Babu akafungua daftari la majina, akaona: siku ya mvua kubwa mtu yule aliitika, ila katika kipande hakutiwa alama, kwa kuwa karani alifanya haraka kwenda nyumbani. Basi kosa lilikuwa lake. Akafunga daftari, akanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Mtu yule akakunja kamba yake, akarudi shimoni siku moja tena.

Mtasema, siku moja ni nini? Babu naye alijiambia hivyo miaka mingi. Lakini aliponisimulia, nilipokuwa naanza ualimu, mikono yake ilitetemeka. Akasema, "Mjukuu wangu, asiyejua kusoma alihesabu sawasawa, mimi niliyesoma ndiye niliyekosa. Wala sikumwona tena nimwombe radhi."

Kitabu cha Mithali chatuonya habari za mizani ya uongo. Nami naona kalamu nayo ni mizani. Wengi wetu twaandika kwa ajili ya wengine: mahudhurio ya watoto, kilo za kahawa chamani, sadaka kanisani. Basi jirani akisema, "Hesabu yangu si hiyo," tusimcheke. Tufungue daftari mbele yake.

Mimi nami, mtoto akiniambia darasani ya kuwa nimeliruka jina lake, naikumbuka ile kamba, nahesabu upya.