Klachi ya Gari Tulilotaka Kuliuza



Leo tunapenda kuwasimulia jambo lililotupata hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura. Tunaamini lina faida kwa familia zenye gari kuukuu, na hata kwa zile zisizo na gari.

Gari letu lilikuwa dogo, la mkono wa pili kutoka Japani, na kwa miaka saba liliwapeleka watoto shule na madrasa, na bibi yao hospitali. Ada za shule za watoto watatu zilipotushinda, tulikaa mke na mume tukakubaliana kuliuza. Mnunuzi alipatikana upesi, kijana aliyetaka kulifanyia teksi, tukapatana aje Jumapili asubuhi.

Ijumaa jioni klachi, ambayo mafundi wa hapa huiita ambreyaji, ikaanza kutusumbua. Pedali ilikuwa laini kama unakanyaga sponji, ikishuka mpaka chini. Rivasi ilipiga kelele na kugoma kuingia. Ukikanyaga haraka haraka mara tatu au nne, inaingia.

Buyenzi fundi wa gari hatafutwi, unajikwaa naye mlangoni. Lakini mfukoni hatukuwa na kitu, basi jirani yetu aliyekulia gereji akatuelekeza tufanye wenyewe. Alitueleza kwamba klachi ya namna hii haivutwi na waya, inasukumwa na mafuta ya breki. Ukikanyaga pedali, silinda ya juu inasukuma mafuta kwenye bomba jembamba mpaka silinda ya chini, iliyo kwenye giaboksi, nayo inasukuma mkono unaoachanisha klachi. Mafuta hayabonyei, lakini upepo unabonyea. Upepo ukiingia humo, nguvu ya mguu wako inaishia kuubana upepo, na klachi haiachani sawasawa.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tukaanza. Tuliegesha mahali pa tambarare, injini imezimwa na imepoa, tukafunga handbreki na kuweka mawe kwenye magurudumu. Kwenye gari letu silinda ya chini inafikiwa kwa kufungua boneti, kwa hiyo hatukuhitaji kuingia uvunguni. Na kama la kwenu linahitaji hivyo, tafadhali msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tulinunua chupa mpya ya mafuta ya breki, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake. Msije mkatia oili ya injini, maana inavimbisha raba za ndani na kuziharibu. Tulijaza kikopo, tukavalisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo, na ncha ya pili tukaizamisha katika chupa yenye mafuta kidogo. Kazi hii inataka watu wawili. Mama watoto alikaa kwenye pedali, baba watoto akashika spana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapo hapo." Nati inafunguliwa kidogo, mafuta yanatoka na mapovu yake, pedali inazama. Nati inafungwa. "Achia!"

Siri yote iko hapo: nati ifungwe kwanza, ndipo pedali iachiwe. Ukiachia nati ikiwa wazi, unavuta upepo mwingine ndani. Tulikosea hivyo mara mbili, tukaanza upya. Kila baada ya mara nne au tano tulitazama kikopo kisikauke, maana kikikauka upepo unaingia kwa juu. Mafuta yalitoka meusi, kisha yakawa safi, mapovu yakaisha. Yaliyotoka hatukuyarudisha, wala hatukuyamwaga mtaroni. Yaliyodondokea rangi ya gari tuliyaosha mara moja kwa maji, kwa sababu yanaibabua rangi. Kabla ya Alasiri pedali ilikuwa ngumu na rivasi inaingia kimya kimya. Tulifurahi sana, Alhamdulillah.

Jumapili baada ya Alfajiri tukalijaribu tena. Pedali imelala chini.

Tulifungua boneti. Mafuta kwenye kikopo yamepungua. Tulipoinua raba ya vumbi kwenye silinda ya chini, ndani palikuwa pamelowa. Raba za ndani zimekwisha, mafuta yanavuja, na penye kuvuja hapakosi upepo. Jana tuliondoa upepo, lakini ugonjwa wenyewe ulibaki pale pale.

Jirani alikuja, akatazama, akasema kwa huruma, maana anazijua shida zetu, "Toeni upepo tena sasa hivi. Itashika mpaka jioni. Akishalichukua ni lake."

Hatukumjibu. Tulijaza kikopo, kila mmoja akarudi mahali pake pa jana.

"Kanyaga."

Kimya.

"Kanyaga, mama watoto."

"Sikanyagi, baba watoto. Jana tulikuwa tunatengeneza. Leo tunaficha."

Ndugu zetu, hatutaki mtuone watu wema kuliko tulivyo. Sote wawili tulikuwa tumekwisha kukaa mahali petu. Tulibaki hivyo muda mrefu, mmoja ameshika spana, mwingine mguu uko juu ya pedali, tukizifikiria zile ada. Ndipo tukaikumbuka habari iliyomo katika Sahih Muslim, ya Mtume (S.A.W.) alipopita penye rundo la chakula akatia mkono ndani yake, akakuta chini pamelowa. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Na sisi unyevu wetu ulikuwa chini ya raba.

Kijana alipokuja tulimfungulia boneti kabla hajauliza, tukainua raba akaona mwenyewe. Alikwenda kumwita fundi wake, wakarudi, akapunguza bei. Kiasi alichopunguza kilikaribia ada ya muhula mmoja ya mtoto wetu mdogo. Tulikubali. Shuleni tukaomba tulipe kwa mafungu, na tunapoandika haya fungu la mwisho bado tunadaiwa. Tuombeeni dua.

Basi tunawausia, kwanza nafsi zetu: mkitoa upepo na pedali ikashuka tena baada ya siku moja au mbili, msiendelee kutoa upepo, tafuteni panapovuja. Na mnapouza kitu, gari, simu au hata baiskeli ya mtoto, semeni aibu yake kabla ya kupokea fedha. Uficho wa nyumbani mara nyingi haufanywi na mtu mmoja, unahitaji mwenzake akanyage. Tusaidiane mke na mume katika kukataa.

Allah atujaalie riziki ya halali, japo kidogo, na aitie baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.