Nilikwenda na Mawaidha, Nikashikishwa Mtoto

Wapendwa wanafunzi na wazazi, mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za kikundi chetu cha kuwatembelea mabinti waliojifungua wangali wadogo. Nilidhani ni kazi nyepesi. Nimekaa na kalamu siku tatu, maana habari hii siwezi kuieleza kwa ukweli bila kujieleza na mimi mwenyewe.

Kikundi chetu ni cha kina mama wanne, hakina ofisi wala mhuri. Kila Jumamosi baada ya darasa la asubuhi tunagawana njia, wawili Igogo, wawili Mabatini. Maalimu na vijana wawili wakubwa huteremka Kirumba, soko la Mwaloni, kuwafuata watoto wa kiume wanaobeba magunia ya dagaa na kulala vibarazani. Habari za Mwaloni namwachia yeye aziandike mwakani. Nitasema moja tu: huchagua siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa nchi kavu, ndipo vijana wanapopata nafasi ya kuzungumza. Siku nyingine hata salamu wanaiitikia wakiwa wanatembea.

Sasa nije kwa binti ninayetaka kumsimulia. Jina lake silitaji. Alikuwa mwanafunzi wetu, amehifadhi juzuu Amma, na kwenye mashindano ya kusoma tulimtanguliza yeye. Mwaka 2020, akiwa kidato cha pili, alipata ujauzito. Shuleni akaondolewa, kwani ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Wengi mnakumbuka hotuba ya Rais Magufuli kule Chalinze, Juni 2017, kwamba msichana akizaa harudi shule. Sisi madrasa hatukumfukuza. Hakuna aliyetoa amri yoyote. Daftari jipya la mahudhurio lilipoandikwa, jina lake halikuwemo, na aliyeliandika ni mimi.

Machi 2021 ndipo nilipopanda Mabatini kumtazama. Wanaopajua wanajua: nyumba zimekaa juu ya majabali, ziwa unaliona pale chini limetulia, na maji ya kupikia unanunua kwa ndoo na kuyapandisha kichwani. Nilichukua sukari nusu kilo na kitabu changu cha mawaidha. Nikaketi mkekani, nikazungumza saa nzima habari za toba, subira na heshima ya mwanamke. Kila nikipumua, yeye husema, "Ndiyo, mwalimu." Bibi yake aliketi mlangoni akichambua mchele, hakunitazama hata mara moja.

Nilipoaga, binti akasimama na ndoo. "Mwalimu, samahani. Unaweza kunishikia mtoto nikachote maji? Bibi miguu inamsumbua, na majirani siku hizi hawanishikii."

Nikampokea. Alikuwa na wiki nane, mwepesi kuliko nilivyotarajia. Chini ya khanga palikuwa na kadi ya kliniki, nikaifungua ili nisikae bure. Alikuwa na chanjo za kuzaliwa tu. Zile za wiki ya sita hazikuandikwa. Aliporudi nikamuuliza, naye akaniambia bila kulia kwamba aliogopa foleni, aliogopa kuulizwa mbele ya watu baba wa mtoto yuko wapi. Saa nzima nilizungumza naye na hilo sikulijua!

Usiku ule nilisoma Surat Maryam, ambayo nimewafundisha wengi wenu. Sisemi hali hizi mbili ni sawa, Allah aniepushe. Bibi Maryam alikuwa msafi aliyeteuliwa. Lakini nilisimama pale uchungu unapompata peke yake penye shina la mtende. La kwanza kuambiwa ni kwamba asihuzunike, kisha akaonyeshwa maji, kisha tende. Nimeisomesha sura ile miaka mingi na sikuwahi kuona kwamba yalikuja kwa mpangilio huo.

Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja. Hakuna aliyetuuliza lolote. Chanjo zilizofuata hazikutupita tena, na surua ya miezi tisa alikwenda mwenyewe, sikuwa na habari mpaka aliponionyesha kadi. Nikaanza kujiona nimeifahamu kazi hii.

Kumbe bado. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Nilisikia redioni siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Palikuwa na mtu ameanza kuulizia ndoa, nami nikaona akisitirika kwanza itakuwa kheri, shule baadaye. Nilijipangia maisha ya mtoto wa mwenzangu kama ninavyopanga madawati. Januari 2022 ikapita. Mwenye posa naye akapotea. Mwezi wa tatu binti akasikia habari za shule kwa muuza dagaa, akanijia nyumbani.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Hakunitukana. Alikaa kimya, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaniaga kwa adabu, na hakuja tena kwa miezi minne. Nilipopanda Mabatini, bibi alinijibu mlangoni kwamba amelala. Mara tatu amelala. Mara ya nne sikugonga. Nilichukua ndoo iliyokuwa nje, nikaenda kununua maji, nikayaweka na kuondoka. Nilifanya hivyo kila Jumamosi, na ile njia ya mawe, wallahi, si ya mtu wa umri wangu. Mwezi wa saba alinisubiri nje. Tukapanga juu ya ada ya daladala, sare, na nani atabaki na mtoto.

Alirudi kidato cha pili Januari 2023, mwaka mmoja baada ya ule ambao angeweza kurudi. Mwaka 2025 alifanya mtihani wa kidato cha nne. Mwanawe yuko kwetu, darasa la alifu kwa ujiti, na ni mtundu.

Siku hizi mama yake hufuatana nasi Jumamosi. Akiingia kwa mzazi mchanga husalimu, huuliza mtoto ananyonyaje, kisha huuliza ndoo iko wapi. Mimi hunyamaza. Jumamosi ijayo tunakwenda Igogo, tunaondoka uani kwa madrasa saa nne asubuhi. Wasichana wa darasa la juu waje na ruhusa ya wazazi wao, na viatu vya kupandia mawe.

Wabillahi tawfiq.