Sinema za Watoto Machoni pa Mtu Mzima

Wako wasemao kwamba mtu mzima aketiye kutazama sinema za watoto apoteza wakati wake. Sisi hatuafikiani nao. Sinema iitwayo Bambi, iliyotolewa Marekani mwaka 1942 na kampuni ya Walt Disney kwa picha zilizochorwa kwa mkono, tumeitazama mara nyingi pamoja na wanafunzi wetu, na kila mara twaona neno jipya.

Ni habari za mtoto wa ayala, mnyama yule atajwaye katika Zaburi ya 42. Watoto humcheka akiteleza na kuanguka juu ya maji yaliyoganda (nayo ni kazi kuwaeleza maji hugandaje). Sisi twangojea mahali pengine. Mama yake apigwa risasi, lakini kufa kwake hakuonyeshwi. Husikika mlio wa bunduki tu, kisha theluji yaanguka, na mtoto aita, aita. Mwindaji haonekani tangu mwanzo hata mwisho. Ndipo baba aja, amwambia mwanawe maneno machache sana, nao waenda zao.

Machache hayo ndiyo tuyasikilizayo. Maana sisi walimu huitwa mlangoni mwa darasa tukapewa habari za msiba, nasi ndio tumwendeao mtoto pale aketipo. Wengine hupenda kumwambia kwamba mama amesafiri, atarudi. Yule baba hasemi hivyo, wala hahutubu. Hapo watoto wote hunyamaza, na mara nyingi mmoja hugeuka akatutazama sisi.