Reli Ndogo ya Monterey

Katika mji wa Monterey, pwani ya California huko Marekani, palikuwa na reli iliyokaa chini ya nyumba ya mtu mmoja. Mwenyewe alikuwa John Allen, mpiga picha, naye aliipa jina la Gorre and Daphetid, ambalo likitamkwa upesi kwa Kiingereza husikika kama kutapakaa damu na kushindwa. Milima yake iliinuka kutoka sakafuni hata darini, na kila kitu kilipunguzwa mara 87, hata mtu mzima hakutimia inchi moja.

Wageni walistaajabia milima. Marafiki walikuja kufanya kazi. Kila behewa la mizigo lilikuwa na mahali pake pa kupelekwa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Njia ya kando ikielekea nyuma, dereva hurudi kinyumenyume, huliacha behewa humo, basi. Ikielekea mbele, injini inayovuta ingetangulia kuingia, ikafungiwa ndani. Hapana budi kuliacha behewa kwanza, kulizunguka kwa njia ya pili, kisha kulisukuma kutoka nyuma. Nafasi ikibana, huhamishwa matatu ili kuliweka moja. Allen aliifanya taabu hiyo kuwa mchezo, uitwao Timesaver: njia fupi, mabehewa machache, na saa ikihesabu. Mara nyingine hata Emma, sanamu ya dainosori, alitiwa kazini badala ya injini!

Allen alifariki Januari 1973. Kabla mwezi huo haujaisha moto ukazuka katika nyumba ile, ukaiharibu reli yake.